Taa Nyekundu ya Afisa Usalama

Theonest alikuwa na mazoea ya kutazama viatu vya mtu kabla ya kumtazama usoni. Kazi ndiyo iliyomzoesha. Alikuwa afisa usalama wa kampuni ya kandarasi iliyosomba mawe kwenye mgodi mmoja jirani na Segese, na kwa miaka sita alikuwa amesimama langoni kila alfajiri, kofia ngumu kichwani na kizibao cha kung'aa kifuani, akihakikisha hakuna anayeingia na viatu visivyo na chuma puani. Kisha aliwakusanya madereva na mafundi kwenye uwanja wa vumbi akawahutubia. Aliwaambia kwamba ajali haitokei, ajali inatengenezwa, kauli aliyoamini kuwa ameitunga mwenyewe. Mwisho wa hotuba kila mtu alitia saini kwenye karatasi kuthibitisha kwamba amesikia. Karatasi hizo zilikuwa zimejaa ofisini kwake mpaka bunda moja lilizuia mlango usifunguke wote, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kuliandikia ripoti.

Nyumbani kwake, Shinyanga mjini, alifika kila baada ya siku kumi na nne, akakaa saba. Saba hizo zilitosha kumfanya mkewe, Eunice, mwalimu wa sekondari, aanze kuhesabu zimebaki ngapi. Theonest alikuwa amepaka mstari wa njano kwenye ngazi za baraza, ngazi zenyewe zikiwa mbili. Jikoni alikuwa amefunga mtungi wa kuzimia moto, juu kiasi kwamba Eunice angeufikia kwa kupanda kigoda, na kupanda kigoda Theonest alikuwa amekupiga marufuku. Sebuleni alibandika kibao cha kijani chenye mshale kilichoandikwa NJIA YA KUTOKEA. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja.

Basi, siku moja ya mwezi wa tano, akirudi nyumbani na Rav4 yake ya rangi ya fedha, alipopunguza mwendo kwenye matuta ya Tinde aliona kitu chekundu kikimwakia mbele yake. Ilikuwa taa ndogo ya duara yenye alama ya mshangao katikati. Iliwaka, ikazima, ikawaka tena kwenye tuta la pili. Alipofika kwenye lami iliyonyooka ilikuwa imezima, naye akatulia. Taa ya hatari, alijieleza, ingewaka moja kwa moja. Hii ya kuwaka na kuzima ilikuwa na wasiwasi wake binafsi.

Eunice aliiona kesho yake, wakielekea sokoni.

"Hii nyekundu ni ya nini?"

"Ni sensa tu."

"Sensa si ilishapita? Walikuja mpaka nyumbani wakatuhesabu."

"Sensa ya gari, Mama Violeth. Ni kifaa. Kinatoa taarifa."

"Taarifa gani?"

"Kwamba chenyewe kina hitilafu."

Eunice aliliwaza jibu hilo mpaka wakafika sokoni, akashuka akanunua nyanya.

Lakini Theonest hakuwa mtu wa kuacha jambo bila kulifanyia kazi, hasa jambo lililoonwa na mkewe. Jioni ile alifungua boneti, akatafuta kikopo cha mafuta ya breki, akakuta mafuta yameshuka chini ya alama. Akaongeza. Alipowasha gari, taa ilikuwa imezima. Alimwita Eunice atoke jikoni aje kuona taa isiyowaka.

"Naona," alisema Eunice.

"Wengine wangekimbilia gereji kuibiwa. Kumbe ni kuongeza mafuta tu."

"Na yale ya mwanzo yalienda wapi?"

Theonest alifunga boneti. Alimweleza habari za joto la Shinyanga, na jinsi vimiminika vinavyopungua kwenye joto, na Eunice, ambaye alifundisha fizikia, alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote.

Wiki tatu baadaye alirudi mapumziko na taa ikiwa imerudi naye. Safari hii aliongeza mafuta mara mbili ndani ya siku nne, na kila alipokanyaga breki gari lilitoa mlio mwembamba kama wa mtu anayesugua sufuria kwa kijiko. Eunice alimwambia kwamba ama aende kwa fundi Bhoke, au yeye Eunice atakuwa akienda kazini kwa bajaji mpaka gari litengenezwe. Theonest akaenda.

Bhoke alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Tarime, mwenye gereji yake Ibinzamata. Alikuwa na mikono mipana na maneno machache. Theonest alipofika alianza kutazama viatu vyake, akakuta ni ndala, na imani yake kwa fundi huyo ikaishia hapo hapo.

"Nataka uniangalizie sensa," alisema.

Bhoke alilizunguka gari mara moja. Alipiga jeki, akavua tairi la mbele la kushoto, akachuchumaa. Kisha akampungia mkono aje aone.

"Hii hapa ndiyo pedi ya breki. Ikiwa mpya ni nene kama kidole. Yako imebaki kama kadi ya benki. Na hii ya ndani," alisema, akigusa kwa bisibisi, "haina hata kiasi hicho. Ni chuma kinakwaruza diski. Unaiona diski ilivyochimbika? Kama shamba la matuta."

"Lakini nikiongeza mafuta taa inazima."

"Itazima. Mafuta hayajapotea, yamehama. Pedi zikiisha, pistoni inasogea nje zaidi ili iibane diski, na mafuta yanaifuata kwa nyuma. Kikopo kinapungua, taa inawaka. Wewe unajaza, taa inazima, na pedi zinaendelea kuisha. Gari linakuita, wewe unalinyamazisha."

Maelezo yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomchoma. Kwa miaka sita yeye ndiye aliyekuwa akieleza na wengine wakisikiliza. Isitoshe, kesho yake alikuwa mgeni rasmi kwenye semina ya vijana wa kanisani, mada ikiwa Usalama Huanza na Wewe, na hakutaka kufika kwa bodaboda.

"Nitalileta wiki ijayo," alisema. "Rudishia tairi."

"Gari hili haliondoki hapa, baba."

Theonest aliijua sentensi hiyo. Ilikuwa yake. Aliitumia kazini kila siku, kwa sauti ile ile isiyopandishwa, na kamwe hakuwahi kujua inavyouma ukiisikia.

"Gari ni langu," alisema.

Bhoke alirudishia tairi, akakaza boliti zote tano, akajifuta mikono. Kisha akatoa daftari na kalamu. "Basi niwekee saini hapa kwamba nimekwambia."

Mtu aliyewasainisha watu mia tatu kila asubuhi aliitazama ile kalamu kama imepakwa pilipili. Alisema ana haraka. Aliingia ndani ya gari, akaondoka, na kwenye kona ya kwanza gari lilikwaruza kwa nguvu hadi mbuzi waliokuwa wakivuka wakageuka kumtazama.

Zamu iliyofuata, mgodini, lilitokea jambo la Mwigulu.

Mwigulu alikuwa dereva wa pikapu ya kampuni, mtu wa Msalala, mpole, mwenye watoto wanne. Asubuhi moja aliwasha pikapu akaona taa ya breki imewaka. Utaratibu ulisema asimame hapo hapo, aite gari la kuvuta. Mwigulu aliitazama karakana, akaiona iko mita mia mbili mbele yake, njia tambarare isiyo na mtu, akaendesha polepole kama anayebeba mayai, akafika, akamkabidhi fundi gari. Bahati mbaya Theonest alikuwa amesimama dirishani.

"Uliiona taa?" alimwuliza ofisini.

"Niliiona, mkuu. Ndiyo maana nikalipeleka kwa fundi."

"Uliiona, ukaendesha."

"Mita mia mbili, mkuu."

"Taa ni taa, Mwigulu. Haina mita."

Alimpa wiki mbili nyumbani bila mshahara na barua ya onyo la mwisho. Mwigulu alitia saini, akaaga kwa adabu, akatoka. Alasiri hiyo Theonest alijisikia vizuri, kama anavyojisikia mtu aliyetimiza wajibu mgumu. Saini ya Mwigulu ilikuwa imeandikwa taratibu, herufi kwa herufi, naye aliitazama kwa muda, akaiweka juu ya bunda.

Alipomaliza zamu na kuelekea Shinyanga, taa ya gari lake haikuzima tena yenyewe. Iliwaka kutoka Segese hadi Kahama, mbele ya macho yake, nyekundu kama macho ya mtu aliyekesha. Aliongeza mafuta kando ya barabara, ikazima kwa dakika kumi, ikarudi. Kahama alisimama kwa fundi umeme wa magari aliyeketi chini ya mwavuli. Hakumwambia habari za breki wala maneno ya Bhoke. Alimwambia, neno kwa neno, "Nishughulikie hii taa." Fundi akaishughulikia. Alifungua dashibodi, akachomoa kibalbu kidogo kuliko punje ya mahindi, akampa mkononi.

Kutoka hapo safari ikawa na amani. Mlio ulikuwepo, ila Theonest aliongeza sauti ya redio, na kwaya ikaimba mpaka Shinyanga.

Nyumbani alimkuta mama mkwe. Bernadina, mama yake Eunice, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia hospitali ya Kolandoto, na alikuwa akisubiri siku ya kwenda kufunguliwa bandeji ili arudi kijijini kwake kuangalia pamba yake. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mwenye kukaa kimya mahali palipo na mkwe kama desturi inavyotaka. Theonest alimheshimu sana. Alikuwa amemwekea hata kamba ya kushika kutoka chumbani hadi chooni, ambayo mama huyo aliianikia khanga.

Siku ilipofika Eunice alikuwa na mitihani ya kusimamia. Kwa hiyo ni Theonest aliyempeleka. Bernadina alikaa siti ya nyuma, begi lake mapajani, jicho moja likiwa limefunikwa. Kabla hawajaondoka aliuliza kwa sauti ya chini:

"Baba Violeth, ile taa aliyoisema Eunice imekwisha?"

"Imekwisha, mama. Fundi ameitoa."

"Ameitoa," alirudia Bernadina.

Walikwenda. Lami ya kwenda Kolandoto haikuwa na magari mengi, na Theonest aliendesha kwa mwendo wa mtu mwenye mkwe nyuma. Lakini kila alipokanyaga breki, mlio ule mwembamba wa kijiko na sufuria sasa ulikuwa umekua, ukawa mkoromo.

"Gari linalalamika," alisema Bernadina.

"Ni vumbi, mama. Msimu huu kuna vumbi sana."

Kilichofuata Theonest hakukitegemea. Bernadina alianza kusimulia, akitazama nje kwa jicho lake moja. Marehemu mumewe, alisema, aliendesha lori la chama cha ushirika miaka kumi na minane, likisomba pamba vijijini kupeleka kwenye kiwanda cha kuchambulia. Msimu wa pamba alikuwa akipanda naye mbele, kwa sababu utingo wao alikuwa mlevi. Lori lile lilipolia hivi, mumewe hakuuliza mtu. Alisimama, akavua tairi porini, akalala chini ya lori siku mbili mpaka kifaa kikaletwa kwa baiskeli.

"Siku mbili, na pamba ya watu juu," alisema Bernadina.

"Magari ya sasa ni tofauti, mama."

"Naona," alisema mama mkwe, na Theonest akakumbuka mkewe alikotoa ile namna ya kusema "naona".

Hospitalini mambo yalikwenda vizuri. Daktari alifungua bandeji, jicho likaona, Bernadina akasoma mpaka herufi ndogo za chini. Alitoka amevaa miwani myeusi na kumwambia Theonest kwamba ana mvi nyingi kuliko alivyodhani. Wakaendelea na safari ya kijijini, nusu saa kwa barabara ya vumbi inayopita katikati ya mashamba na mawe makubwa ya kijivu.

Kijiji cha Bernadina kiko bondeni. Barabara inakifikia kwa mteremko mmoja mrefu, na mwishoni mwa mteremko, pale inapokata kushoto, ndipo penye ghala la chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Ulikuwa msimu wa kuuza. Uani palikuwa na mlima wa pamba juu ya maturubai, mrefu kuliko nyumba, ukisubiri lori. Mbele ya mlima huo palisimama fremu ya mbao, na kwenye fremu ulining'inia mzani, na pembeni ya mzani alikaa karani aliyeitwa Akida, na daftari lake. Wakulima walikaa kwa foleni kivulini mwa ukuta, kila mmoja juu ya junia lake.

Theonest alikanyaga breki katikati ya mteremko. Pedali ilishuka mpaka chini ikakaa hapo, laini, kama imekanyagwa kwenye ugali. Baadaye Bhoke angemweleza kwamba pistoni, baada ya kufuata pedi zisizokuwepo, ilitoka nje ya nyumba yake na mafuta yote yakamwagika. Wakati ule hakujua hayo. Alijua tu kwamba gari haliko tena mikononi mwake.

Alikuwa amewafundisha watu mamia cha kufanya breki zikikatika. Alikuwa na bango lake, lenye picha. Sasa alilitafuta kichwani, na kilichomjia ni hatua ya kwanza, Usitaharuki, na hatua ya mwisho, Toa Taarifa kwa Afisa Usalama. Za katikati hazikuja.

"Hazishiki," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Weka gia nzito," alisema Bernadina.

"Halina, mama. Linabadili lenyewe."

Lilikuwa nayo. Ilikuwa imeandikwa 2 na L pembeni ya goti lake, lakini kwa miaka minne alidhani hizo ni za nchi za baridi.

"Basi vuta handbreki. Polepole, usivute kwa hasira. Na piga honi, kuna watu."

Alifanya hivyo. Ikumbukwe kwamba alifanya, maana baadaye watu walisema mengi. Alivuta handbreki kidogo kidogo, akapiga honi bila kuachia, na gari likapungua mwendo ingawa halikusimama. Foleni ya wakulima ilitazama juu ya mteremko, ikaelewa, ikatawanyika. Akida alitoka mbio na daftari. Kona ilikuja. Theonest aliona ukuta wa ghala upande mmoja na mlima mweupe upande wa pili, akachagua mlima. Gari lilipitia kwenye fremu ya mbao likaivunja kama kuni za kuwashia, likaukanyaga mzani, likaingia ndani ya pamba mpaka milango ya nyuma, na huko ndani likazima.

Kulikuwa kimya na kweupe. Pamba ilikuwa imejaza vioo vyote. Theonest alijigusa kichwa, kifua, magoti.

"Mama, umeumia?"

"Tumefika," alisema Bernadina. Alifungua mlango wa nyuma kwa shida, akashuka na begi lake, akapangusa pamba kwenye miwani. Wanawake wawili waliokuwa wamejibanza ukutani walimtambua. Wakamwamkia kwa Kisukuma, naye akawaitikia, akauliza habari za nyumbani, akaonyesha jicho lake.

Theonest alitoka kwa kupitia siti ya nyuma. Na hapa tabia ya mtu ikajionyesha. Kabla ya kumwuliza yeyote kama ameumia, alizunguka nyuma ya gari, akatoa kizibao cha kung'aa akakivaa, akatoa pembetatu mbili nyekundu, akazipanga hatua arobaini kutoka kwenye mlima wa pamba, moja huku na moja kule, kwenye njia isiyopita kitu kingine isipokuwa kuku. Kijana mmoja alimpiga picha.

Hakuna aliyeumia. Ila mzani ulikuwa umekwisha. Ulilala chini ya tairi, umepinda, springi yake ikiwa nje kama utumbo. Akida aliushika kichwa chake kwa mikono miwili. Alisema mzani huo una miaka ishirini hapo. Alisema msimu umekufa.

Wakulima waliuzunguka mzani. Theonest alisubiri matusi, na ukweli ni kwamba alikuwa ameyaandaa majibu. Matusi hayakuja. Mzee mmoja, Mageni, aliinama akaokota kibati chenye namba za kilo, akakigeuzageuza.

"Umekufa kabisa?" aliuliza.

"Umekufa," alisema mwingine.

"Hautengenezeki?"

"Uone mwenyewe."

Mageni alikitupa kile kibati juu ya pamba. Uso wake haukuwa na huzuni hata chembe. Ilibidi Bernadina amweleze mkwe wake pembeni: mzani ule kwa miaka mingi ulikuwa ukila kilo tatu katika kila junia. Walilalamika kijijini, wakalalamika wilayani, kamati ikaundwa, kamati ikaja, ikapima, ikala kuku, ikasema mzani ni mzima. Siku iliyofuata ajali, Theonest akiwa amelala hapo kijijini akisubiri trekta la kumvuta, uliletwa mzani mpya wa namba za kuwaka, na junia la kwanza lililopandishwa, la Bernadina mwenyewe, lilikuwa na kilo tatu zaidi ya alivyozoea. Ndipo wakamletea Theonest jogoo mwekundu, miguu imefungwa, na mzee Mageni akamwambia wabeja, yaani asante, akamwambia kwamba serikali ilishindwa kwa miaka kumi kuuondoa.

Theonest alimpokea jogoo. Kwa muda mfupi sana, akiwa amesimama pale na kizibao chake, alijiona kama mtu aliyefanya jambo makusudi.

Askari wa usalama barabarani alimwondolea hisia hiyo. Alifika alasiri hiyo kwa pikipiki, akapima kwa hatua, akatoa daftari.

"Kazi yako?"

"Afisa usalama."

Askari aliinua macho. "Kama mimi."

"Mgodini."

"Haya. Eleza."

"Breki zilikata ghafla," alisema Theonest. "Gari lilikuwa zima kabisa. Hakukuwa na dalili yoyote."

Askari aliandika. Bernadina alikuwa amekaa kwenye junia hatua chache nyuma yao, miwani usoni, mikono imekunjwa. Kwa desturi asingesema, mkwe akiwa anazungumza. Alisema.

"Baba, ongeza hapo. Kulikuwa na taa. Fundi aliitoa."

"Taa ipi, mama?"

"Ya breki. Aliniambia mwenyewe jana asubuhi. Na gari lililia kutoka mjini mpaka hapa. Mimi jicho ndilo lililokuwa bovu, masikio yalikuwa mazima."

Askari aliingiza mkono kwenye tundu lililoachwa na kibalbu dashibodini, akamulika kwa simu, akamtazama Theonest. Theonest aliitazama pamba. Hakumchukia mama mkwe wake, na hilo lilimshangaza. Alichohisi kilikuwa karibu zaidi na aibu ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Askari alifuta mstari mmoja kwenye daftari lake na kuandika mwingine mrefu zaidi.

Trekta lililivuta gari mpaka Ibinzamata. Bhoke hakusema chochote cha kejeli, jambo ambalo Theonest alilihesabu kuwa kejeli kubwa kuliko zote. Alitoa daftari lake tu. Theonest alitia saini kabla hajaulizwa, kwa mkono uliotulia, akaongeza na tarehe.

Picha ilimtangulia mgodini. Kila simu ilikuwa nayo: nusu ya Rav4 ikichungulia nje ya mlima wa pamba, na mbele yake mtu wa kizibao akipanga pembetatu. Meneja, bwana Edson, alimwita akamwambia kwamba gari binafsi si suala la kampuni, kwa hiyo hakuna adhabu. Ila asubuhi badala ya hotuba ya kawaida awasimulie watu yaliyomkuta, kwa faida ya wote.

Akasimulia. Alisema "hitilafu" mara saba, "mfumo" mara nne, na "taa" mara moja, haraka. Watu mia tatu walimsikiliza kwa utulivu ambao hakuwahi kuupata. Alipouliza kama kuna swali, mkono mmoja uliinuka nyuma. Alikuwa Mwigulu, aliyerudi kazini siku hiyo hiyo.

"Mkuu, samahani. Tangu taa iwake mara ya kwanza mpaka siku ya pamba, uliendesha umbali gani?"

Theonest alijaribu kupiga hesabu, na kwa bahati mbaya alikuwa hodari wa hesabu. Segese, Kahama, Tinde, Shinyanga, kwenda na kurudi, sokoni, kanisani kwenye semina.

"Kama kilomita elfu moja," alisema.

"Asante, mkuu," alisema Mwigulu, akakaa.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Karatasi ya saini ilizungushwa, ikarudi, na Theonest akaingia nayo ofisini akajifungia hadi saa saba. Alipotoka alikuwa na barua. Ilisema kwamba kufuatia mapitio ya utaratibu wa ndani, na baada ya kuzingatia mazingira yote husika, onyo la ndugu Mwigulu limefutwa na wiki zake mbili zitalipwa. Neno samahani halikuwemo. Alikuwa ameliandika mara mbili na kulifuta mara mbili. Mwigulu alisoma, akaelewa anachoweza kuelewa, akashukuru.

Gari lilipokamilika, pedi mpya, diski mpya, kibalbu kipya, Eunice ndiye aliyelifuata kwa Bhoke, na funguo hazikurudi tena kwenye mfuko wa mumewe. Theonest hakuziomba. Siku ya kurudi zamu, Eunice alimpeleka stendi. Aliendesha taratibu, akapunguza mwendo kwenye kila tuta, akasimama kabisa kuwapisha ng'ombe, gari likatii bila sauti. Walipokaribia stendi bajaji moja ilikata mbele yao. Eunice alikanyaga breki kwa wakati, kisha akatazama chini upande wa abiria, ambapo mguu wa kulia wa Theonest ulikuwa umekandamiza zulia la gari kwa nguvu zake zote.

"Baba Violeth," alisema kwa upole, "huko kwako hakuna kitu."

Theonest aliuinua mguu, akaurudisha mahali pake, akasema anajua.